Jino Ndani ya Eda

Ukitaka kujua ulikuwa mwaka gani, usiniulize tarakimu, mimi sikuzisomea. Ulikuwa mwaka wa makopa. Mvua ya mwaka ilidondosha machozi mawili matatu ikanyamaza, mpunga ukakauka ukiwa na urefu wa kidole, na sisi sote tunaokaa kati ya Gazi na Msambweni tukala muhogo mkavu uliotwangwa. Asubuhi uji wake, mchana ugali wake, jioni ugali wake tena, na mchunga, mboga chungu ya porini, uliochemshwa kwa maji ya chumvi matupu, kwa sababu nazi mwaka huo ilikuwa ya kuuzwa, si ya kukunwa. Baadaye serikali ya Wazungu ikaleta mahindi ya manjano, magumu kama changarawe. Tukasema hiki ni chakula cha punda, kisha tukakila. Huko bara watu walikuwa wakisakana misituni; sisi tulikuwa tukisaka mboga. Mtu anayeukumbuka ugali ule, mweusi, unaovutika kama ulimbo, basi mwaka wangu ameujua. Ndio mwaka niliofiwa na mume, na ndio mwaka kinywa changu kilipofungwa.

Wajukuu zangu huniuliza kwa nini bibi anakula kwa kijiko cha chai, na kwa nini anacheka kama mtu anayepuliza moto. Mimi si mtu wa kujificha. Nimezaa, nimelea, nimezika, na nyumba ninayokaa ina bati nililolinunua kwa mikono yangu. Mume niliyezaa naye nilimpata baadaye, na yeye hamo katika maneno haya. Maneno haya ni ya kabla yake.

Nilikuwa na kigelegele. Sisemi kwa kujisifu. La, nasema kwa kujisifu, kwa nini nisiseme? Harusi ikifanyika kwetu, walikuwa wakiniweka mlangoni mwa nyumba ya bibi harusi, na nikikipiga kimoja tu watu waliokuwa shambani walikuwa wakijua kwamba bwana harusi ameshaingia. Kwingine walitumia tarumbeta. Kwetu nilitosha mimi peke yangu. Ulimi ulikuwa ukicheza kinywani kama samaki kwenye ndoo. Mume wangu alinipendea hicho kigelegele kabla hajaniona sura, aliniambia mwenyewe.

Alikuwa mkwezi wa minazi. Asubuhi moja alipanda na njaa, akashuka kabla ya nazi. Hatukupata hata kuagana. Tulikuwa hatujazaa, nami nilikuwa msichana bado, nyonga hazijatulia.

Nikawekwa eda. Nyumba ilikuwa ya mavyaa, yaani mamake mume wangu, na chumba changu kilikuwa cha nyuma: mkeka, mto mmoja, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna udi, hakuna kuchana nywele kwa kujipamba. Chooni nilikwenda nimejigubika, na mtu akitangulia kuangalia njia. Miezi minne na siku kumi. Mawifi zangu wawili walikuwa wakiniletea chakula na habari. Mavyaa alikuwa akiniletea maneno makali, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa nayo, na kwa sababu aliyekufa alikuwa mwanawe.

Na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa anirithi eda ikiisha. Hilo halikuwa la siri wala la kuulizana. Mke wa ndugu harudishwi kwao kama chungu kilichoazimwa. Huchukuliwa na ndugu aliyebaki. Mimi mwenyewe sikuona ajabu. Shemeji alikuwa mtu mpole, mwenye kusali, asiyepandisha sauti. Sasa alikuwa ndiye mwanamume wa nyumba, na bila ya neno lake hakuna aliyekuwa akitoka wala kuingia.

Jino lilianza kama mwiba wa samaki uliokwama nyuma kabisa, upande wa kushoto, pale ambapo hata mswaki haufiki. Nikatia kidole, nikakuta nyama imeumuka na chini yake kitu kigumu kinachungulia. Nikamwita wifi mkubwa aniangalie. Akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Aa, hilo gego la mwisho," akasema. "Jino la akili. Unakuwa mtu mzima, wifi."

Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. "Akili?" akasema. "Inakuja leo, mume ameshazikwa? Ilikuwa ikikaa kwa nani?"

Tukacheka wote watatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu maziko, na mavyaa naye alipogundua kwamba amecheka akafuta uso kwa ncha ya leso, akaondoka.

Wakaniletea karafuu, nikaitafuna hata ulimi ukafa ganzi. Wakaniletea chumvi ya moto ndani ya kitambaa. Wakaniletea tumbaku ya kubandika, nikatapika uji wangu. Wifi mdogo akatia mbegu za tunguja kwenye makaa, akanifunika shuka kichwani na kuniambia niupokee moshi kwa kinywa wazi, maana ndani ya jino mna kidudu na moshi humtoa. Nilikohoa mpaka mbavu zikaniuma. Kisha akanionyesha kwenye bakuli la maji vijitu vyeupe vyembamba vinavyoelea. "Waone hao! Wametoka!" Nikawaona, nikaamini. Miaka mingi baadaye nilikuja kuzichoma mbegu zile mwenyewe bila mtu wala jino, nikakuta vijitu vilevile majini. Ni viini vya mbegu.

Jino likatulia kidogo, kisha likarudi na wenzake. Sasa maumivu yalikuwa yakipanda sikioni, yakiteremka shingoni, na kumeza mate ilikuwa kama kumeza kokwa la embe. Nikamwambia wifi mkubwa, "Mwambie nduguyo nipelekwe hospitali. Msambweni si mbali."

Shemeji akaja mwenyewe. Lakini hakuingia, kwa kuwa haikufaa. Alisimama upande wa pili wa mlango uliorudishwa.

"Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Pole sana."

"Pole haing'oi jino. Nipelekeni Msambweni."

Nilikuwa nikiona vidole vya miguu yake chini ya mlango, vikikunjuka na kukunjika. "Uko ndani ya eda ya ndugu yangu," akasema taratibu. "Daktari pale ni mwanamume. Atakushika kidevu, atakutia vidole kinywani. Watu watasema nini?"

"Watasema nilikuwa nikiumwa na jino."

"Subiri kidogo. Eda itakwisha. Ikiisha, nitakupeleka mimi mwenyewe, kwa basi, kiti cha mbele."

Kiti cha mbele! Kama kwamba nilikuwa nikiumwa na makalio. Wakati huo eda yangu haikuwa imefika hata nusu.

Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu watu wa siku hizi hudhani tulikuwa wakatili. Hatukuwa wakatili. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa na hakika kwamba mwenye eda akivuka kizingiti kwa sababu yoyote ile, eda imevunjika, na marehemu analala kaburini bila heshima yake. Mawifi walikuwa na hakika. Mavyaa alikuwa na hakika. Mimi pia. Nilikuwa nikiomba nitolewe huku nikiamini kwamba naomba dhambi. Chuo cha Kurani kilikuwa nyuma ya shamba la mihogo, na mwalimu wake tulikuwa tukimsikia akiwakemea watoto kila asubuhi. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Mtu haulizi jambo ambalo ana hakika nalo.

Nikasubiri. Shavu likavimba hata jicho la kushoto likawa mstari. Halafu taya likaanza kukaza. Siku ya kwanza kidonge cha ugali hakikupita, nikakigawa vipande. Kisha vipande havikupita, nikanywa uji. Kisha hata kijiko kikawa kikigonga meno na kurudi, nikawa ninaufyonza uji wa makopa kupitia pengo la pembeni, na mwaka wenyewe ulikuwa wa njaa, sina nyama ya akiba mwilini. Mbavu zikatoka kama fito za ukuta usiokandikwa.

Na nikawa nanuka. Hilo nalo nitalisema. Nilikuwa nikinuka kama kaa aliyesahauliwa kwenye kikapu. Wifi mdogo akaanza kuweka bakuli karibu na mlango na kulisukuma kwa mguu. "Samahani wifi, nina haraka," alikuwa akisema, naye hana haraka ya popote.

Mchana mmoja nilisikia kazi nje, nyuma ya ukuta wa chumba changu. Shemeji alikuwa amekaa kivulini akifuma makuti ya kuezekea nyumba atakayoniweka eda ikiisha. Jani likipinduliwa hutoa sauti kavu, krr, krr. Mimi nililia. Si kilio cha maziko; kilio cha mnyama, kinatoka puani kwa kuwa kinywa hakifunguki. Nikilia, makuti yananyamaza. Nikinyamaza, makuti yanaanza tena. Tuliendelea hivyo, mimi na yeye, ukuta wa udongo katikati, hata nikaweka kinywa kwenye ufa.

"Shemeji. Nakufa."

Makuti yakanyamaza.

"Subiri, shemeji," akasema. Sauti yake ilikuwa na huruma, naapa ilikuwa na huruma. "Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Subiri."

Krr, krr.

Aliyenitoa ni mavyaa. Simpambi. Mwanamke yule aliniita tasa kabla hata mwaka wa ndoa haujaisha. Lakini siku moja aliingia kuchukua sahani akasimama, akanusa. Akapiga magoti. Akanishika kichwa bila upole, akasukuma kidole chake cha shahada kati ya shavu na meno, akabonyeza. Nikaona mwanga mweupe. Alipokitoa kidole kilikuwa na usaha wenye damu. Akakitazama, akakinusa, akakifuta kwenye nguo yake mwenyewe. Kisha akatoka nje, nami nikamsikia uani.

"Wewe! Acha makuti hayo. Nenda kasimamishe gari."

"Mama, eda..."

"Nimezika mmoja mwaka huu. Unataka nizike wangapi ndipo uone nimeshiba?"

"Watu watasema..."

"Watu! Watu ndio watakaomuosha maiti? Ni mimi nitakayemuosha! Nipishe."

Mavyaa akaenda mwenyewe kwa miguu yake chuoni, kwanza kwa mwalimu, kwa kuwa hata katika hasira yake alikuwa akiogopa dhambi. Alirudi polepole kuliko alivyokwenda. Akakaa kizingitini, mgongo wake kwangu.

"Mwalimu ameshangaa," akasema. "Ameniuliza, kwani ni nani aliyemzuia? Mgonjwa hutoka. Amesema lau tungalikwenda siku ya kwanza, angalitwambia siku ya kwanza."

Wifi mkubwa akaanza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa nimemaliza.

Walinipandisha kwenye lori la mbata lililokuwa likitoka Gazi, mimi na mavyaa juu ya magunia, nimevaa nguo nyeupe ya eda mchana kweupe, uso kama boga. Watu walisimama barabarani kutazama. Mavyaa aliwatukana wote hadi Msambweni, mmoja mmoja.

Hospitalini walinipokea vizuri. Daktari alinitazama, akamwambia msaidizi wake neno, na msaidizi akamgeukia mavyaa. "Mama, lilipoanza lilikuwa jino. Kung'oa tu, na siku ileile angerudi kwake. Sasa ni taya." Walinichoma sindano nyingi za matakoni. Walinipasua hapa, chini ya taya, pana kovu mpaka leo kama mdomo wa pili, usaha ukajaa kibakuli. Jino lenyewe walilitoa pamoja na jirani yake, na baadaye kidonda kikatema vipande vya mfupa, vidogo, kama makapi ya mchele. Nilikaa kule muda mrefu. Mavyaa alikaa nami, akilala sakafuni, akigombana na wauguzi. Eda yangu iliishia pale kitandani, na hakuna aliyekuja kuniambia imevunjika.

Sikufa. Basi watu husema alhamdulillahi, na mimi nasema alhamdulillahi. Lakini taya lilikuwa limepona likiwa limefungwa. Nilipewa kijiti cha kujitanua kinywa kila siku, nikajitanua huku machozi yakinitoka, na kijiti kikafika upana wa kidole kimoja kikagoma. Kidole kimoja ndicho nilicho nacho mpaka leo. Siumi embe. Siwezi kupiga miayo kama watu. Mkate nauchovya.

Tuliporudi, kukawa na harusi nyumba ya tatu. Njaa ilikuwa imelegea, watu wamepata mchele kidogo. Wakaniita kama zamani, wakaniweka mlangoni. Bwana harusi akaingia uani, vijana wakaanza kuimba, wanawake wakanigeukia mimi. Nikavuta pumzi. Nikaupeleka ulimi. Ulimi ukagonga nyuma ya meno kama ndege aliyefungiwa ndani ya tenga, na kilichotoka kilikuwa mluzi wa birika. Watu wakangoja kidogo, wakidhani ninasafisha koo. Kisha msichana mmoja nyuma yangu akapiga chake, chembamba, cha kujifunza, na wengine wakamfuata.

Wifi mdogo alikuwa kando yangu. "Pole, mwenzetu," akaninong'oneza. "Naona kelele umemzika nazo kaka."

Nilikwenda zangu nyumbani. Tangu siku ile sijasimama kwenye mlango wa harusi, hata za wanangu nilikaa ndani nikikuna nazi.

Haikupita muda mjomba wangu akaja kutoka Majoreni. Kwetu sisi Wadigo, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwawe. Babangu alikuwa hai, lakini hili halikuwa lake. Mjomba akapewa kiti, mimi nikakaa mkekani, mavyaa pembeni anachambua mchunga. Shemeji alikuwa nje barazani, ameegemea ukuta, dirisha liko wazi. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Tukasalimiana. Nikampa shikamoo, nikamuuliza hali za watu wa Majoreni mmoja mmoja. Kisha akakohoa.

"Mpwangu, eda yako imekwisha. Watu hawa wamekutunza."

"Mama amenitunza, mjomba."

"Basi. Sasa nduguye marehemu amesimama. Si mlevi, si mvivu, swala tano hazimpiti. Amekwisha kujenga, amekwisha kuezeka. Kinachongojwa ni kauli yako tu, nayo ni ya desturi, unaijua."

Nikatazama mkeka. Akadhani ni haya, akaongeza.

"Na tusifichane, mwanangu. Taya limekupinda, kinywa hakifunguki, mtoto hukujaaliwa. Nani mwingine atabisha hodi? Mtu akikutaka na hali hiyo, unashukuru, unainama."

Nje, kanzu ikakwaruza ukuta. Mavyaa hakuinua uso, lakini mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua. Mimi nilikuwa sijawahi kumpinga mjomba wangu katika maisha yangu, wala sikumjua mwanamke aliyempinga wa kwake. Moyo ulikuwa ukinipiga kwenye kovu, dum, dum, mahali palepale walipopasua.

"Sirithiwi na mtu aliyenisikia nikilia akaniambia nisubiri."

Mjomba akamtazama mavyaa, akitaraji anikemee. Mavyaa akatupa shina la mchunga kwenye ungo, basi. Mjomba akavuta kiti karibu, akainama, akapunguza sauti kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa.

"Lirudishe neno hilo, mpwangu. Limeze. Mimi nitasema sikulisikia, na yeye huko nje atasema hakulisikia. Sasa nakuuliza upya, kana kwamba ndiyo kwanza nimeketi. Unasemaje?"

Nikageuza uso dirishani, nikakitanua kinywa changu mwisho wake, kidole kimoja.

"Sirithiwi na mtu aliyenisikia nikilia akaniambia nisubiri."